Mwalimu Be na Ukumbi wa Hagsätra

Mwalimu Vedasto alikuwa na maneno mia mbili na arobaini na moja, na yote yalianza kwa herufi mbili zilezile, b na e. Yalikuwa maneno ya Kiingereza cha zamani, kile ambacho hata Waingereza wenyewe wamekwisha kukisahau. Aliyaandika katika daftari lenye jalada gumu, kwa wino wa buluu, na maana zake pembeni. Betwixt. Behest. Bedight. Begird. Ukimuuliza ya nini yote hayo, alikutazama kwa huruma.

Ugonjwa huu ulimwanza akiwa shuleni, mkoani Kagera, siku padri mmoja mzee alipomwachia kamusi isiyo na jalada. Kurasa za A zilikuwa zimeliwa na mchwa. Kwa hiyo Vedasto alianzia B, na kusema kweli hakuwahi kuivuka. Akawa mwalimu wa Kiingereza, akaja Stockholm kwa mafunzo ya miezi tisa, na miezi hiyo tisa sasa imetimiza miaka thelathini na minane. Humu mjini hakupata darasa hata siku moja. Alipata kazi ya kupanga barua za watu, akazipanga miaka ishirini na sita, akastaafu, kisha akarudi kwenye maneno yake na kuyapanga kwa mtindo uleule.

Mkewe, Leokadia, alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya wazee, mwanamke wa maneno machache na yote ya siku hizi. "Baba Anitha," alikuwa akimuuliza, "hayo ya kwako yanapikwa au yanaliwa mabichi?" Swali hilo alilirithi kwa mama yake, Mama Brigitha, aliyekuwa bado hai kule Bukoba akiwa na miaka tisini na mitatu.

Basi chama chao kilikuwa na ukumbi. Ulikuwa chini ya ghorofa moja pale Hagsätra, treni inapoishia, wenye madirisha madogo yaliyotazamana na magurudumu ya baiskeli. Humo walikutana Watanzania, Warundi, Wakongo na yeyote aliyejua Kiswahili cha kumwezesha kuomba chumvi. Walifanya ubarikio humo, kwaya ilifanya mazoezi humo, lakini kazi kubwa ya ukumbi ule ilikuwa misiba. Mtu akifiwa na ndugu yake kule nyumbani, na nauli au ruhusa ya kazi haikumwezesha kuwahi mazishi, watu walitoka mitaa ya mbali, Fittja na Akalla, na chupa za chai, wakatandika mikeka, wakalia naye.

Katika nyumba za kupanga mambo hayo hayawezekani. Jirani wa chini wa akina Vedasto hugonga bomba la joto kwa kijiko mtu akipiga chafya mara mbili. Miaka minne iliyopita Leokadia alifiwa na kaka yake, na alilia ukumbini siku mbili mfululizo kwa sauti yake yote, bila mtu kumwambia anyamaze. Alipomaliza aliosha uso, akarudi kazini. Sasa mama yake alikuwa kitandani tangu Pasaka, na Leokadia alikuwa na hofu moja tu, ambayo aliisema wazi mezani: "Siku mama akienda, nitamlilia wapi?"

Mwezi wa nane ikaja barua ya mwenye majengo. Mkataba wa ukumbi unaisha, anayetaka aombe upya. Mwenyekiti wa chama, Spéciose, mama wa Kirundi mwenye sauti ya kuamrisha trafiki, alimletea Vedasto fomu mkononi.

"Mwalimu, wewe ndiye unajua kuandika," alisema. "Ujaze hii. Mwisho ni tarehe makumi tatu ya mwezi wa kenda. Usisahau, hein?"

Vedasto aliisoma fomu mara mbili na akaona ametukanwa. Ilikuwa na visanduku vya kutia alama, na chini yake mistari mitatu: *Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini mnahitaji ukumbi.* Mistari mitatu! Hiyo haikumtosha hata kumsalimia mtu. Binti yake Anitha, anayefanya kazi ya kompyuta kule Kista, alikuja Jumapili akaiona juu ya meza.

"Men pappa, det är bara tre rader," alisema.

"Najua ni mistari mitatu tu. Ndiyo maana sijazi."

Anitha akasema anaweza kuijaza kwa simu kabla chai haijapoa. Vedasto akamjibu kwamba jambo kubwa haliombwi kwa simu, na haliombwi na mtu aliyekaa. Akamweleza binti yake, ambaye kwa bahati mbaya alizaliwa Uswidi, jinsi mambo yanavyoombwa. Unamwalika mgeni rasmi. Unamketisha kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Unamlisha. Kwaya inamwimbia. Kisha mtu mwenye uwezo anasimama na kusoma risala: shukrani, historia, mafanikio, changamoto, na mwisho kabisa, ombi. Mgeni anasimama na kuahidi mbele ya watu wote, watu wanapiga makofi, na jambo limekwisha. Hakuna mgeni rasmi aliyekwisha kula ndizi zako akakunyima mbele ya kwaya. Na kujaza fomu kabla mgeni hajasikia risala ni utovu wa adabu.

"Okej," alisema Anitha, ambalo kwa Kiswidi lina maana ya kwamba amechoka.

Mgeni rasmi aliyepatikana ni Axel, msimamizi wa kumbi za mwenye majengo, naye alikuwa na nafasi tarehe nne ya mwezi wa kumi. Leokadia alihesabu kwa vidole na kusema tarehe nne ni baada ya tarehe thelathini. Vedasto akasema tarehe thelathini iliwekwa kwa ajili ya wale wasio na risala. Akaiweka fomu chini ya kamusi, na kamusi ile ilikuwa nzito.

Wiki sita alifanya kazi kama hajawahi kufanya kazi. Aliamka mapema, akavaa koti, akakaa na daftari lake. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke Kagera maneno yake yalikuwa na pa kwenda, na alikuwa na furaha ambayo hakuificha. Risala ilifika kurasa saba, na ndani yake alipanga maneno thelathini na manne ya *be*. Aliiandika kwa Kiingereza kwa sababu, alivyosema, Kiswidi ni lugha nzuri ya kununulia maziwa.

Siku ikafika. Axel alikuja kwa baiskeli, kofia ya kuendeshea mkononi, akidhani ameitwa kunywa kahawa. Akakalishwa kwenye kitambaa cheupe kati ya maua na chupa tatu za maji. Akala ndizi na nyama, akaimbiwa, akavishwa kitenge. Kisha Vedasto akasimama na kusoma kwa dakika arobaini. Alimsihi kwa *beseech*, akapamba kwa *bedight*, akasimama katikati kwa *betwixt*, na ukurasa wa saba akaomba ukumbi. Axel hakupepesa jicho.

Naye akasimama kujibu. Alishukuru kwa chakula. Alisema hajawahi kusikia Kiingereza kama kile, na hapo alisema kweli. Ombi lao alilielewa vizuri, ila maombi yalifungwa tarehe thelathini na fomu yao hakuiona. Jumamosi na Jumapili zimechukuliwa na chama cha mpira wa meza, siku nyingine zimekwenda kwa watu wa yoga. Imebaki Alhamisi, saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili, iliyotengwa kwa masomo ya wazi kwa watu wote, na hakuna aliyeitaka. Je, Mwalimu angependa kufundisha maneno haya ya zamani? Masomo tu, mikusanyiko mingine hairuhusiwi, na kila mara kuwe na karatasi ya mahudhurio.

Watu walipiga makofi, kwa sababu mgeni rasmi akimaliza kusema hupigiwa makofi. Spéciose alikuwa wa kwanza kuacha.

Cha aibu ni kwamba Vedasto alifurahi. Aliinamisha uso ili wasione, lakini moyoni alikuwa amepata darasa baada ya miaka thelathini na minane. Furaha hiyo ilidumu mpaka walipofika nyumbani.

"Fomu iko wapi?" aliuliza Leokadia.

Akainyanyua kamusi. Leokadia aliitazama ile fomu nyeupe, safi, isiyo na hata doa la wino.

"Siku ulipokuja kunichukua kwetu," alisema, "mama alikwambia neno moja sebuleni. Unalikumbuka?"

Vedasto alilikumbuka sana. Akairudisha kamusi mezani.

"Basi," alisema Leokadia, na wiki nzima hakusema zaidi ya hapo.

Chama kilimpa jina, Mwalimu Be, na halikuwa la heshima. Alhamisi ya kwanza walikuja wanafunzi watano: wazee wanne wa Kiswidi, na Norbert wa Akalla, aliyekuja kwa sababu mabomba ya joto ya kwake yalikuwa yameharibika. Vedasto akawafundisha maneno matano. Alhamisi iliyofuata, matano mengine. Wazee wale waliandika kila kitu, wakauliza maswali, wakavua viatu mlangoni na kuvipanga. Mmoja wao, bibi mwenye kofia ya sufu, alimwambia kwamba Alhamisi ndiyo siku pekee anayotoka nyumbani. Kati ya watu wake mwenyewe hakuna aliyekanyaga, wala mkewe. Alirudi nyumbani na daftari kwapani na kula peke yake chakula kilichofunikwa.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi, simu ikalia kutoka Bukoba. Mama Brigitha amefariki. Wanamzika Alhamisi alasiri, na ndege yoyote ambayo Leokadia angepanda ingemfikisha Ijumaa. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na kuanza kulia. Alipofika mahali sauti inapotaka kupanda, chini kukagongwa kijiko kwenye bomba. Ngo, ngo, ngo. Leokadia akaziba mdomo kwa kanga. Vedasto aliiona kanga ile ikiingia mdomoni mwa mkewe, na alijichukia kuliko alivyowahi kujichukia.

Akampigia Spéciose. Akamwambia habari, akamwambia na kijiko.

"Alhamisi ile salle ni yako, ama si yako?" aliuliza Spéciose.

"Ukumbi ni wangu, lakini ni wa masomo. Mikusanyiko hairuhusiwi. Na Axel ameandika atakuja kukagua wiki hii hii."

"Alors, fundisha," alisema Spéciose, akakata simu.

Alhamisi saa kumi na mbili walikuja watu sitini na nne. Walitoka Fittja na chupa za chai, wakatoka Akalla na maandazi, wanawake wakatandika mikeka na kukaa, wanaume wakasimama ukutani. Mlangoni Spéciose alisimamia karatasi ya mahudhurio, kila aliyeingia akatia jina lake na saini. Wengi walidhani ni daftari la rambirambi, wakaongeza na maneno ya pole. Leokadia alikaa mbele, kichwa kimefunikwa, macho makavu. Wale wazee wanne wa Kiswidi walifika kama kawaida, wakapanga viatu, wakaona mikeka, wakaona hiyo ni njia mpya ya ufundishaji, nao wakakaa chini kwa shida.

Vedasto alisimama mbele ya ubao. Alikuwa amelisubiri darasa lililojaa maisha yake yote, na sasa lilikuwa mbele yake, na angetoa chochote lisiwe hilo.

Akaandika *bereave*. Akaeleza kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni, kisha kwa Kiswahili.

"Zamani neno hili lilikuwa la wizi," alisema. "Lilikuwa na maana ya kumnyang'anya mtu kilicho chake. Aliyefiwa ni mtu aliyenyang'anywa."

"Kweli," alisema mtu ukutani.

Akaandika *bedight*. "Kupambwa. Mama mkwe wangu, Brigitha, alikuwa na gauni la njano la Jumapili. Mwaka ule migomba ilipoliwa na ugonjwa na hatukuwa na kitu, alilivaa vilevile, akaenda kanisani akiwa amepambwa, akarudi akatuchemshia majani ya maboga bila kulivua."

Wanawake walitikisa vichwa. Bibi mwenye kofia ya sufu aliandika yote.

Akaandika *behest*. Hapo chaki ikamkatikia, akaiokota. "Agizo," alisema. "Siku nilipokwenda kumchukua mke wangu, mama yake aliniita sebuleni. Hakuniuliza nina nini. Aliniambia: Unampeleka mbali. Sikupi sharti, nakupa agizo moja. Mwanangu asilie peke yake." Akajipangusa chaki vidoleni. "Mimi niliweka fomu chini ya kamusi. Nyote mnajua. Nilitaka risala yangu isikike. Nimekosa kwake, na kwa Leokadia, na kwenu."

Vedasto akageukia ubao kwa sababu hakuweza kuendelea kuwatazama, akaandika neno la mwisho, *beweep*.

"Hili si kulia tu," alisema, mgongo ukiwa kwao. "Ni kumlilia mtu pande zote, mpaka machozi yamfunike. Halitumiki tena. Waingereza wameliacha. Sijui kwa nini waliliacha, kwa sababu wao pia wanafiwa."

Leokadia akapiga ukelele. Ulianzia chini sana na kupanda, "Mama! Mama wee! Mama!" na ukumbi mzima ukaupokea, mikeka ikalia, ukuta ukalia, Norbert akalia kwa kwikwi huku ameshika chupa ya chai. Hakuna bomba lililogongwa. Bibi mwenye kofia ya sufu alivua miwani na kulia naye, na baadaye alieleza kwamba dada yake alizikwa wakati wa machipuko mbele ya watu sita, na wote sita walikuwa kimya. Spéciose akaanzisha wimbo.

Saa moja na nusu Axel akafungua mlango. Alisimama na kofia yake ya baiskeli mkononi. Aliona watu sitini na wanane wakilia mbele ya ubao ulioandikwa maneno manne ya Kiingereza cha kale, na mwalimu mzee katikati yao, chaki mkononi, akilia pia. Spéciose, bila kupepesa, akamkabidhi karatasi ya mahudhurio.

Axel akaisoma yote. Alikuwa amesimamia masomo ya wazi miaka kumi na moja, ya kufuma, ya kodi, ya historia ya reli, na rekodi ilikuwa watu kumi na wanne. Akamwendea Leokadia kule mbele, akamuuliza kwa sauti ya chini amelionaje somo.

Leokadia alifuta uso kwa kanga. Macho yalikuwa yamevimba, lakini mabega yalikuwa yameshuka.

"Lilikuwa zuri," alimjibu kwa Kiswidi. "Tunaendelea wiki ijayo."

Kabla hajaondoka, Axel alimwambia Spéciose kwamba mpira wa meza wameachia Jumamosi moja kwa mwezi, na akampa fomu. Safari hii Spéciose alimpita Vedasto bila kumtazama, akaipeleka fomu mkekani. Leokadia akaomba kalamu, akaijaza palepale, akitumia goti kama meza. Kisha akampa mumewe asome, kwa kuwa hata hivyo alikuwa mwalimu.

*Tunahitaji mahali pa kuwalilia watu wetu. Hatuwezi kulia nyumbani. Tuko wengi, na tunafanya usafi.*

Vedasto aliisoma, kalamu nyekundu ikiwa mfukoni. Akatafuta cha kuongeza, akatafuta cha kusahihisha. Akairudisha ilivyo.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, barua mbili katika bahasha moja. Ya kwanza ilisema ombi la Jumamosi limekataliwa, kwa sababu shughuli haikuelezwa vya kutosha. Ya pili ilisema somo la maneno ya kale, kutokana na mwitikio wake wa pekee, limeongezewa miaka miwili, kila Alhamisi, na kwamba mwenye majengo angefurahi kama mahudhurio yangebaki vilevile.

Leokadia alizisoma zote mbili jikoni, amesimama. Hakucheka, hakukasirika. Alifikiri habari za baba yake Norbert, anayesafishwa figo kule Mwanza, na mama yake Spéciose huko Bujumbura, ambaye hatambui tena watoto wake. Kisha akavuta kiti karibu na mumewe na, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akalifungua lile daftari.

"Baba Anitha, yamebaki mangapi?"

"Mia mbili na kumi na saba."

Leokadia akapitisha kidole juu ya ukurasa, taratibu, neno kwa neno.

"Basi usiyamalize haraka," alisema. "Watu wetu ni wengi."